Adolescence, sehemu ya kwanza: taharuki inaanzia kwenye swali la kaunta

Onyo kwanza: mwisho wa sehemu hii unatajwa humu waziwazi, maana taharuki haiwezi kupimwa bila kusema ilikuwa inatupeleka wapi. Kama hujaitazama, kaitazame halafu urudi. Ni saa moja na dakika chache.

Adolescence, tamthilia ya Uingereza kuhusu mvulana anayetuhumiwa kuua, iliingia Netflix tarehe 13 Machi 2025. Ina sehemu nne, zimeandikwa na Jack Thorne na Stephen Graham, zimeongozwa na Philip Barantini, na kila moja imepigwa kwa mkupuo mmoja. Kamera ikishawashwa haizimwi hadi mwisho, na hakuna mahali picha ilipokatwa ikaungwa. Sifa nyingi zimeenda kwenye ufundi huo, na zinastahili. Lakini ukiitazama sehemu ya kwanza mara ya pili, ukijua tayari kila kitu kitakachotokea, bado inakukaba koo, na hapo kamera peke yake haitoshi kuwa maelezo. Mzigo wote umebebwa na utaratibu wa kituo cha polisi cha Uingereza. Waandishi wameufuata hatua kwa hatua, na kila hatua ya kisheria inamsogeza baba mmoja karibu na kitu ambacho angetoa chochote asikione.

Tunaanza alfajiri, ndani ya gari. Mkaguzi Luke Bascombe (Ashley Walters) anatafuna tufaha na kusikiliza ujumbe wa sauti wa mwanawe anayetafuta sababu ya kutokwenda shule. Sajini Misha Frank (Faye Marsay) yuko pembeni yake. Ni maongezi ya kazini ya watu waliozoeana, ya kawaida kabisa, na mtazamaji mwenye haraka atadhani ni ya kujaza muda. Ujumbe ule ni mbegu. Mtoto wa Bascombe anasoma shule moja na mtuhumiwa, na katika sehemu ya pili ndiye atakayemfungua baba yake macho kuhusu lugha ya watoto mitandaoni. Kwa sasa kazi ya ujumbe huo ni ndogo zaidi: kabla hatujamwona mtoto wa mtu mwingine akikamatwa, tumesikia mpelelezi mwenyewe ni baba, na baba wa shughuli nyingi asiye na muda wa kukaa na mwanawe.

Kisha redio inaita, magari yanaondoka, mlango wa nyumba unavunjwa kwa gogo la chuma, na askari wenye silaha wanapanda ngazi wakipiga kelele. Waliyemfuata ni Jamie Miller, mvulana wa miaka 13, yuko kitandani na amejikojolea kwa hofu. Wapo watakaosema nguvu ile imepita kiasi kwa mtoto. Ndani ya hadithi sababu ipo: mtu ameuawa kwa kisu usiku uliopita na kisu hakijapatikana. Tena uvamizi ule una kazi ya kiuandishi. Unatuweka upande wa familia papo hapo. Eddie (Stephen Graham) na mkewe Manda (Christine Tremarco) wanapaza sauti kwamba polisi wamekosea nyumba, na sisi tunawaamini, kwa sababu tumeona suruali iliyolowa na karatasi za ukutani za chumba cha mtoto. Taharuki nzima ya sehemu hii inahitaji tuamini hivyo. Mtazamaji akianza kushuku mapema, mwisho unaporomoka.

Safari ya gari kwenda kituoni ndipo mkupuo mmoja unapolipa kwa mara ya kwanza. Tamthilia ya kawaida ingekata: mlango wa gari unafungwa, picha inayofuata ni kaunta. Hapa tunakaa na Jamie akilia mpaka gari lifike, na safari ina urefu wa safari. Watengenezaji walilazimika kupata nyumba iliyo mwendo wa dakika chache kutoka studio ya Production Park, South Kirkby, Yorkshire, ambako kituo cha polisi kilijengwa, kwa sababu umbali wowote wa ziada ungekuwa muda wa ziada kwenye skrini. Ni uamuzi wa kiusafiri uliogeuka uamuzi wa kisanaa. Mtoto yule hana pa kukimbilia, wala sisi hatuna.

Tufike kaunta. Sajini wa zamu anamsomea Jamie haki zake kwa sauti tulivu, ya mtu aliyeyasema maneno yale mara nyingi, kisha anamuuliza nani awe mtu mzima wa kumsimamia. Sheria ya mwaka 1984 inayoongoza kazi za polisi England na Wales, pamoja na kanuni zake, inataka mtuhumiwa yeyote aliye chini ya miaka 18 awe na mtu mzima kando yake wakati wa mahojiano na hatua nyingine nyeti. Anaweza kuwa mzazi, mlezi au mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Kazi yake ni kuhakikisha mtoto anaelewa kinachoendelea na anatendewa haki. Wakili ni mtu mwingine kabisa. Jamie anaulizwa, naye anamchagua baba.

Jibu hilo ni fupi na linapita haraka, kamera hata haimsogelei. Hata hivyo ndilo linaloendesha mashine nzima. Kuanzia hapo, kila Jamie anapopelekwa, sheria inamlazimu Eddie awepo. Manda na Lisa (Amélie Pease), dada wa Jamie, wanabaki chumba cha kusubiri, na sisi tunamfuata fundi bomba wa kawaida anayejifunza maana ya wadhifa aliokubali dakika chache zilizopita. Tamthilia nyingi za upelelezi humweka baba nje ya chumba cha mahojiano, kisha mtu akamletea habari. Hapa habari anaipokea mwenyewe, ameketi kwenye kiti ambacho sheria imemwekea, na hana ruhusa ya kujibu kwa niaba ya mwanawe.

Hatua zinazofuata zinapangwa kwa ustadi wa kupandisha shinikizo kidogokidogo. Jamie anaingizwa selo, analetewa konfleksi, nesi anakuja kumpima. Hakuna anayemnyanyasa. Wote ni waungwana, na uungwana huo unatisha kuliko makofi, kwa kuwa unaonyesha watu wanaojua wanachokifanya na hawana wasiwasi wa kuwa wamekosea nyumba. Mtazamaji makini ataanza kuhisi hilo kabla Eddie hajahisi.

Halafu upekuzi wa mwili. Kanuni zinataka ufanywe na maofisa wa jinsia ya mtuhumiwa, na kwa mtoto, mtu mzima wake awepo isipokuwa mtoto mwenyewe akatae. Tunasikia maelekezo: vua hiki, geuka, inua kile. Kamera haimwonyeshi Jamie. Inatulia usoni mwa Eddie. Graham hafanyi kitu kikubwa. Macho yanatafuta pa kutua, yanakwenda ukutani, yanarudi, kinywa kinafunguka kama anataka kupinga halafu anakumbuka alishaambiwa ni sheria. Kwa sekunde hizo taharuki ya nani kaua inaondoka kabisa, na nafasi yake inachukuliwa na swali la baba anaweza kuvumilia kiasi gani. Swali hilo ndilo tutakaloingia nalo kwenye chumba cha mahojiano. Vilevile ni uamuzi wa heshima kwa mwigizaji mtoto, na ningependa waongozaji wengine wauige.

Wakili, Paul Barlow (Mark Stanley), anafika na kuwaeleza baba na mwana jinsi mahojiano yatakavyokwenda. Hapa mtazamaji wa nje ya Uingereza anahitaji kujua mambo mawili, la sivyo nusu ya mvutano itampita.

La kwanza ni kwamba polisi hawawajibiki kumfunulia wakili ushahidi wote kabla ya mahojiano. Wanatoa kiasi cha kumwezesha kumshauri mteja, kilichobaki wanakishika. Wakati Barlow anaingia chumbani, Bascombe ana karata ambayo upande wa pili hawajaiona. La pili ni onyo linalosomwa kwa mtuhumiwa. England na Wales una haki ya kukaa kimya, lakini tangu sheria ya mwaka 1994, ukinyamaza kuhusu jambo ambalo baadaye utalitegemea mahakamani, mahakama inaweza kuupima ukimya huo dhidi yako. Kwa hiyo kila Jamie anapojibu kwamba hana la kusema, jibu hilo lina gharama, na kila anapojibu kwa maneno yake lina gharama kubwa zaidi. Na kwa wanaoshangaa mtoto wa miaka 13 kuhojiwa kwa mauaji: umri wa kubeba jinai England na Wales ni miaka 10. Kenya, kwa Sheria ya Watoto ya 2022, ni 12.

Kabla hawajaingia, Eddie anamuuliza mwanawe kama amefanya. Jamie anakana. Eddie anaamini, na ni muhimu sana kwamba anaulizwa na baba kabla ya polisi.

Mahojiano yenyewe yanapaswa kutazamwa na yeyote anayetaka kuandika hadithi ya upelelezi, kwa ajili ya mpangilio wake tu. Bascombe na Frank hawaanzi na mauaji. Wanaanza na Instagram: picha za wanamitindo, maoni ambayo Jamie ameyaandika chini yake, anawaonaje wasichana. Eddie anasikia mambo hayo kwa mara ya kwanza na anaona aibu. Aibu hiyo ni hatua ya kwanza ya kumtenganisha na picha ya mtoto aliyomjua. Kisha jina la Katie linaletwa, msichana wa shule yao, ndiye aliyeuawa. Unamfahamu? Kiasi gani? Jana ulikuwa na nani, mlipita wapi? Jamie anajieleza, na kila jibu linamfunga. Baada ya kujifunga, picha za kamera za CCTV zinawekwa mezani moja baada ya nyingine. Huyu ni wewe? Na huyu? Raba hizi ni za nani? Utambulisho wa nguo na viatu unafanywa polepole, kwa mtuhumiwa mwenyewe kukubali kipande kwa kipande, ili video ikija pasiwe na nafasi ya kusema aliyeonekana ni mwingine.

Wapelelezi wazuri hufanya hivyo: kwanza funga milango ya kutokea, halafu onyesha ushahidi. Waandishi wavivu huanza na ushahidi mkubwa kwa sababu unashtua, kisha wanalazimika kupiga kelele ili kuzuia mshtuko usipoe. Thorne na Graham wameuweka mwisho, na wameupa sura ya kinyonge kabisa. Ni video ya kamera ya usalama, haina sauti, imepigwa kutoka mbali. Vijana wawili kwenye eneo la kuegesha magari, kusukumana, kisha mmoja anashambulia. Hakuna damu inayoonekana kwa karibu, hakuna muziki wa kutuelekeza tuhisi nini. Na kamera ya tamthilia inafanya kilekile ilichofanya wakati wa upekuzi: inamtafuta Eddie.

Hapo unaelewa kwa nini swali la kaunta liliulizwa. Mtu mzima wa kumsimamia mtoto amesimamia. Wapelelezi na wakili wanatoka, baba na mwana wanabaki peke yao. Jamie ananyoosha mkono kumgusa, Eddie anajikunyata kwanza, mwili ukikataa kabla ya akili. Kisha anamkumbatia. Anauliza kwa nini. Sehemu inaishia hapo, na swali la nani aliua limefungwa kabla tamthilia haijafika robo ya pili. Sehemu tatu zinazofuata zitashughulika na sababu. Ni ujasiri mkubwa kwa aina hii ya hadithi, ambayo kwa kawaida huficha muuaji hadi dakika za mwisho za msimu.

Owen Cooper, anayemwigiza Jamie, hakuwa amewahi kuigiza kwenye skrini kabla ya kazi hii, na sehemu ya kwanza waliyopiga ilikuwa ile ya tatu, ngumu kuliko zote kwake. Kwa hiyo anapoonekana hapa, ameshapita kwenye tanuri. Inaonekana kwenye mambo madogo: anavyojibu kwa hasira ya kitoto pale anapobanwa, halafu sekunde inayofuata anamtazama baba kuhakikisha bado yuko upande wake. Septemba 2025 alipata Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya mwigizaji msaidizi akiwa na miaka 15, mwanaume mdogo zaidi kuwahi kushinda tuzo hiyo ya uigizaji. Graham naye alishinda ya mwigizaji mkuu.

Kuhusu kamera. Mpiga picha mkuu, Matthew Lewis, alitumia DJI Ronin 4D, kamera nyepesi yenye kitulizaji chake ndani, inayoweza kupitishwa kutoka mikono ya mtu mmoja hadi mwingine, kuingia garini na kutoka bila mtikisiko kuonekana. Kila sehemu ilitengewa takriban wiki tatu: waigizaji wakafanya mazoezi, kisha mafundi, kisha wiki ya kupiga, mikupuo miwili kwa siku. Tunayoiona ya sehemu ya kwanza ni mkupuo wa pili. Ya nne ilifika wa kumi na sita.

Faida kubwa ya mbinu hii kwa taharuki ni kwamba inatunyima upendeleo. Katika uhariri wa kawaida, mwongozaji anaweza kutuonyesha polisi wakipanga mkakati, kisha familia ikilia, kisha maabara, na sisi tukajua kuliko wahusika. Hapa ukimfuata mtu mmoja, umempoteza mwingine. Kamera ikiondoka na Bascombe koridoni, hatujui Jamie anafanya nini selo, na tukirudi tunamwona kwa macho mapya.

Hasara zipo, na nitazitaja bila kuzungusha. Mkupuo mmoja unadanganya kuhusu muda. Kumkamata mtoto, kumsajili, kumpima, kumpekua, kumpata wakili, wakili kupewa maelezo ya ushahidi, kuzungumza na mteja na kuanza mahojiano ndani ya saa moja ni jambo lisilotokea. Kazi hizo huchukua saa nyingi, na ndiyo sababu sheria inawapa polisi saa 24 za kumshikilia mtu kabla ya kumfungulia mashtaka, zinazoweza kuongezwa kwa makosa makubwa. Tamthilia inayotegemea ukweli wa utaratibu inapoteza kitu hapo. Kungoja kwenyewe, saa baada ya saa kwenye viti vya plastiki, ni mateso ambayo familia za namna hii huyajua vizuri, na mbinu iliyochaguliwa imewazuia watengenezaji kuyaonyesha.

Pili, koridoni. Bila mkato, mtu akitoka chumba kimoja kwenda kingine lazima tutembee naye, na lazima aseme kitu. Baadhi ya mazungumzo hayo kati ya Bascombe na wenzake yanatosha kubeba safari, mengine yanasikika kama maelezo yaliyowekwa kwa ajili yetu. Katikati ya sehemu, baada ya hatua za selo na kabla ya wakili kuanza kazi, kasi inalegea kwa sababu hiyo.

La tatu ni zito zaidi. Katie hayumo. Katika saa nzima ni jina, picha, na umbo dogo kwenye video isiyo na sauti. Sehemu ya pili inamtia Frank kinywani lalamiko kwamba watu humkumbuka muuaji, aliyeuawa akasahaulika, kwa hiyo waandishi walijua wanachokifanya. Kujua hakuliondoi pengo. Taharuki imejengwa yote upande wa familia ya mtuhumiwa, na mtazamaji anaweza kumaliza sehemu hii akiwa amemlilia Eddie bila kumfikiria hata mara moja mzazi wa Katie, aliyepigiwa simu usiku ule.

Kwa anayetaka kuitazama: iangalie bila kusimamisha. Ukisitisha kwenda jikoni, umeweka mkato ambao watengenezaji walihangaika wiki tatu kuuepuka. Washa manukuu ya Kiingereza hata kama Kiingereza chako ni kizuri, kwa kuwa lafudhi za kaskazini ya England zinameza maneno, na mahojiano yanategemea neno mojamoja. Vaa spika za masikioni, kwani sauti za selo za jirani na milango ya chuma zina kazi. Kwa bando, Netflix yenyewe inakadiria hadi GB 0.7 kwa saa kwenye kiwango cha kati na hadi GB 3 kwa HD. Kiwango cha kati kinatosha kwenye simu. Ukiipakua kwenye Wi-Fi mapema utaepuka mtandao kukatika mahali pabaya. Hakuna utupu unaoonyeshwa wala damu nyingi, lakini upekuzi na video ya mwisho vinaweza kumwelemea mtoto, na mzazi anayetaka kuitazama na kijana wake aitangulie peke yake.

Na usiunganishe moja kwa moja na ya pili. Ile inahamia shuleni, ina watu wengi na kelele nyingi, na taharuki yake ni dhaifu. Ukiifuatisha usiku huohuo, itaharibu dakika tano za mwisho za hii kabla hazijakuingia. Nafasi ya kurudi kwenye kiwango hiki ni sehemu ya tatu, chumba kimoja, Jamie na mwanasaikolojia (Erin Doherty), na kwa kupima taharuki tupu ningeiweka hiyo juu kidogo. Ya kwanza inashika nafasi ya pili. Ningeipa tisa kwa kumi, na alama iliyokatwa ni ya Katie.